Kumwombea ndugu asiyeamini bila kukata tamaa

Nauza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na mdogo wangu ni mvuvi huko kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria. Namwombea ampokee Kristo. Bado hajampokea, nami sijaacha.

Kama una mtu wa namna hiyo, mtaje kwa jina. "Bwana, wabariki ndugu zangu wote" ni sala ya haraka mno. Taja na kinachomzuia: pombe, uchungu wa msiba, au maneno aliyowahi kuambiwa na watu wa kanisa.

Kisha ifungamanishe sala na kazi ya kila siku, maana saa ya utulivu haiji yenyewe. Mimi huomba asubuhi nikianika dagaa. Giza likiingia najua wavuvi wanawasha taa ziwani. Namwombea tena, roho yake na uhai wake.

Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavuliki vizuri, hivyo mdogo wangu hurudi nyumbani. Siku hizo usimhubirie. Mpikie ugali wa muhogo na sato, muulize habari za nyavu, msikilize. Akiuliza juu ya imani, mjibu kwa ufupi na kwa ukweli. Tafadhali, usimseme mbele ya wageni, utamfukuza.

Ukichoka, soma Luka 18:1-8, habari za mjane na kadhi dhalimu. Mkumbuke pia Monika wa Afrika Kaskazini, aliyemlilia Mungu miaka mingi kwa ajili ya mwanawe Augustino, hata akabatizwa Milan mwaka 387.

Na tafuta mwenzako mmoja. Mimi na jirani yangu wa sokoni huomba pamoja Alhamisi jioni. Yeye anamwombea mumewe. Asipoweza kuja, tunaomba kwa simu.