Kuhesabu ndege Aldabra siku nzima bila kuachwa na maji

Kwanza kabisa saa ya mkononi weka pembeni, Aldabra saa ni maji. Hiki ni kisiwa cha pete huko Ushelisheli, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé, katikati kuna bahari ya ndani kubwa na maji yanaingia na kutoka kwa milango michache tu, siku za bamvua yanapanda na kushuka kama mita 3 hivi, kwa hiyo ukichelewa kidogo tu boti inakaa mchangani na nyie mnakaa nayo mpaka yajae tena. Mimi yamenikuta, acha tu. Jedwali la maji uliangalie usiku wa kabla, ndo mpange nani ashushwe wapi.

Viatu soli nene. Ardhi yenyewe ni mawe ya matumbawe yenye ncha kama wembe, wenyeji wanayaita champignon, ndala unaacha kambini. Maji ya kunywa beba ya kutosha sababu njiani hakuna pa kujaza, na andika kwa penseli, wino ukikutana na jasho kwisha habari.

Alfajiri anza na kiluwiri wa Aldabra, ndege wa mwisho Bahari ya Hindi asiyeruka. Yuko kwenye visiwa vya pete hii vya Malabar, Polymnie na Picard (Picard walimrudisha 1999), kisiwa cha Grande Terre usijisumbue, paka walimmaliza. Simama kwenye pointi yako ya kuhesabia, tulia dakika kadhaa, kisha gonga jiwe kwa jiwe kidogo. Anakuja mwenyewe, mdadisi balaa, anaweza hata kudonoa kamba za viatu! Sasa hapo kosa la wageni ni kumwandika mara tatu ndege yuleyule anayekuzunguka, wanakaa wawiliwawili na kila jozi ina eneo lake, kwa hiyo andika jozi na upande ilikotokea.

Maji yakijaa ndo muda wa mikoko, kwenye makoloni ya ndege wa baharini, frigeti na buubi wa miguu myekundu. Hesabu viota ukiwa kwenye boti, injini imezimwa, kwa mbali na darubini. Usisogee kupata picha nzuri jamani, mzazi akiruka yai moja alilonalo linabaki wazi juani, na frigeti wenzie ni wezi wa vijiti vya kiota.

Kuhusu kukusanya: zamani walikuwa wanapiga risasi, Abbott, mkusanyaji Mmarekani, alikuja huku 1892 akarudi na ngozi za ndege za makumbusho. Siku hizi bila kibali usiokote hata unyoya, na ukiwa nacho unachukua manyoya yaliyoanguka na ndege waliokufa wenyewe. Manyoya tia kwenye bahasha ya karatasi, nailoni inaleta ukungu, na tarehe na mahali andika palepale, usiseme nitakumbuka, hukumbuki. Mifupa nayo usiidharau, ni mifupa michache ya zamani iliyoonyesha kisiwa kilizama miaka kama 136,000 iliyopita, viluwiri wakaisha, halafu wengine wakaruka kutoka Madagaska na hao nao wakaacha kuruka tena.

Mchana jua kali pumzika kivulini ila kikague kwanza, kobe wanakipenda kuliko wewe na mwenye kilo 200 humsukumi. Jioni rudini kabla maji hayajapwa, mkisomeana hesabu palepale kwenye boti.