Jinsi ya kuomba leseni ya PA Marekani, kuanzia chuo hadi alama za vidole

Watu waliosomea utabibu kwao kisha wakahamia Marekani huniuliza swali moja: "Mimi nilikuwa afisa tabibu, nimekaa wodini miaka mingi. Leseni ya PA naiombaje?" Jibu linauma, ila heri ulisikie leo kuliko baada ya kulipa ada za watu. Vyeti vya nje havibadilishwi kuwa leseni ya PA, yaani msaidizi wa daktari (physician assistant). Uwe muuguzi, afisa tabibu au hata daktari bingwa, lazima umalize programu ya PA yenye ithibati, ufaulu mtihani wa taifa, ndipo jimbo likupe leseni. Ukikutana na wakala anayekuahidi njia ya mkato, shika mfuko wako.

PA ni msaidizi wa daktari aliyesomea tiba kwa ngazi ya uzamili: anamchunguza mgonjwa, anatambua ugonjwa, anaandika dawa, anasaidia kwenye upasuaji. Usimchanganye na yule msaidizi wa kliniki anayepima presha na kuwapanga wagonjwa; majina yao kwa Kiingereza yanakaribiana (huyo wa kliniki ni medical assistant), na nimeona watu wakijiandikisha kozi ya miezi michache wakidhani wameanza safari ya PA. Taaluma hii ilianzia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965, Dkt. Eugene Stead alipowachukua vijana waliokuwa wahudumu wa tiba katika jeshi la wanamaji. Ilijengwa juu ya watu waliokwisha kushika wagonjwa. Kwa hiyo miaka yako ya wodini haijapotea: itakubeba unapoomba chuo, ingawa haitakupunguzia masomo.

Hatua ya kwanza: chuo

Kabla hujajaza fomu yoyote, ingia kwenye tovuti ya ARC-PA, chombo kinachotoa ithibati kwa programu za PA, utafute jina la programu unayoitaka. Programu mpya huwa na ithibati ya muda. Wahitimu wake wanaruhusiwa kufanya mtihani. Ukikuta iko chini ya uangalizi, ithibati bado ipo, lakini piga simu uulize kasoro ni nini. Chuo kikikwambia "tunatarajia kupata ithibati", hicho bado hakina. Bila ithibati hakuna mtihani, na bila mtihani hakuna leseni, hata ungekuwa na alama za juu kuliko darasa zima.

Ili uingie, unahitaji shahada ya kwanza pamoja na masomo ya msingi: kemia, baiolojia, anatomia, fiziolojia, mikrobaiolojia, takwimu, mara nyingi na saikolojia. Vyuo vingi vinataka wastani wa alama (GPA) wa 3.0 kati ya 4.0 kwenda juu. Transkripti ya nje hutathminiwa na taasisi inayokubalika, somo kwa somo. Hapa uliza mapema, maana vyuo vingine havipokei kabisa masomo ya msingi yaliyosomwa nje, utayarudia Marekani. Vingine vinataka uwe raia au mkazi wa kudumu. Saa za kuhudumia wagonjwa nazo hutofautiana sana, kuna wanaotaka 500 na kuna wanaotaka 1,000 au zaidi, na wengine hawahesabu za nje.

Maombi mengi hupitia mfumo mmoja uitwao CASPA, ambao hufunguliwa mwishoni mwa Aprili. Vyuo vingi huchagua watu kadiri maombi yanavyoingia, kwa hiyo anayesubiri wiki ya mwisho anagombania viti vilivyobaki. Masomo yenyewe huchukua takriban miezi 27: nusu darasani, nusu kwenye mizunguko ya hospitali na kliniki.

Hatua ya pili: mtihani wa PANCE

Huu ndio mtihani wa taifa, na unasimamiwa na NCCPA, tume inayotoa vyeti kwa PA. Ada ni dola 550. Una maswali 300 ya kuchagua jibu, yamegawanywa mafungu matano, kila fungu dakika 60. Unaweza kujisajili hadi siku 180 kabla ya kumaliza chuo, na kuufanya kuanzia siku ya saba baada ya kumaliza. Alama ya kufaulu ni 350, katika kipimo cha 200 hadi 800. Ukishindwa unasubiri siku 90. Una nafasi sita ndani ya miaka sita tangu uhitimu. Zikiisha, unarudi chuo kuanza programu upya.

Sasa jambo ambalo watu wetu wanaanguka nalo: majina. Cheti cha sekondari kina majina matatu, pasipoti ina mawili, leseni ya udereva imeweka jina la babu kama jina la ukoo. Siku ya mtihani, jina kwenye kitambulisho lisipolingana na lile ulilojisajili nalo, unarudishwa mlangoni. Chagua mpangilio mmoja wa majina tangu unapoomba chuo na usiubadilishe. Kama nyaraka zako zinapingana, anza kuzirekebisha mwaka mzima kabla.

Hatua ya tatu: leseni ya jimbo

Kufaulu PANCE bado hakukuruhusu kumgusa mgonjwa. Unaomba leseni katika jimbo utakakofanya kazi, na kila jimbo lina mlango wake. California ina bodi yake ya PA. New York unaomba kwa Idara ya Elimu ya jimbo, na lazima uwe na umri usiopungua miaka 21. Texas ina mtihani wa ziada wa sheria. Kwa kawaida chuo hutuma uthibitisho wa kuhitimu moja kwa moja, NCCPA nayo hutuma matokeo. Nakala utakayoipeleka mwenyewe mkononi mara nyingi haihesabiki.

Halafu alama za vidole, za kuangalia kama una rekodi ya jinai. Zangu zilikataliwa mara ya kwanza. Kunawa mikono na kupaka dawa ya kuua vijidudu siku nzima kulikuwa kumelainisha vidole hadi mistari haisomeki, na leseni ikachelewa. Siku chache kabla ya kwenda, paka mafuta mikono kila usiku, na asubuhi ile uifute ikauke.

Kwenye maswali ya makosa ya jinai, jibu ukweli wote, hata kesi ya zamani. Bodi mara nyingi huelewa kosa lililopita. Kulificha ndiko kunakomnyima mtu leseni.

Ukishapata leseni

Chukua namba ya NPI, yaani namba ya taifa ya kumtambulisha mtoa huduma za afya, ambayo ni bure. Kama utaandika dawa zinazodhibitiwa, jisajili DEA, mamlaka ya serikali kuu inayosimamia dawa hizo. Majimbo mengi bado yanataka makubaliano ya maandishi na daktari kabla ya siku ya kwanza ya kazi, hivyo mwombe mwajiri akuandalie mapema. Kila miaka miwili NCCPA inataka pointi 100 za masomo endelevu, na cheti chake kina tarehe yake ya kuisha, tofauti na ya leseni ya jimbo. Andika tarehe zote mbili kwenye kalenda siku hiyohiyo unapozipokea.