Karo ya chuo kikuu Kenya: kuomba ufadhili kwa familia isiyo na uwezo

Kabla hujagusa fomu yoyote, kusanya karatasi. Unahitaji kitambulisho chako na vya wazazi, nambari zako za mitihani ya KCPE na KCSE, picha ya pasipoti, barua ya kuitwa chuoni pamoja na orodha ya karo, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe. Ukitumia laini ya mama, ombi litakwama. Ikiwa mzazi amefariki, hakikisha mna cheti cha kifo. Familia nyingi zina kibali cha mazishi tu, na hicho si cheti; anza kukifuatilia kwa msajili leo, maana ndicho kinachothibitisha uyatima wako.

Kwa chuo kikuu cha umma, mlango wa kwanza ni tovuti ya HEF, ya serikali ya kufadhili elimu ya juu. Hapo unaomba vitu viwili: ufadhili usiorudishwa na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Omba vyote viwili. Mkopo utauomba upya kila mwaka.

Majibu yako kuhusu nyumbani ndiyo yanayokupanga katika bendi, yaani kundi la uwezo wa familia. Kwa viwango vya 2024, bendi ya 1 (familia yenye mapato yasiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi) hupata ufadhili wa asilimia 70, mkopo asilimia 25, na familia hulipa 5. Bendi ya 3 ni 50, 30 na 20. Chukua kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka: familia ya bendi ya 1 inatafuta 10,000, ya bendi ya 3 inatafuta 40,000. Kwa mama anayeuza mboga, tofauti hiyo ni mtoto kusoma au kurudi nyumbani.

Kosa linaloumiza zaidi linahusu shule ya sekondari. Mfumo hutazama ulisoma wapi. Uliyesoma shule ya kibinafsi kwa hisani ya kanisa au shirika utaonekana mtoto wa tajiri, usipoambatisha barua ya aliyekulipia. Andika pia ndugu zako wote walio shuleni na karo zao. Usitaje mapato makubwa kuliko halisi kwa aibu. Kibarua cha msimu hakilipi miezi 12. Ukipangwa bendi isiyokufaa, kata rufaa kwenye tovuti hiyohiyo, ukiwa na ushahidi mpya mkononi.

Shirika la hisani la Mastercard Foundation nalo hufadhili wanafunzi wenye uhitaji katika vyuo kama Makerere (Uganda) na Ashesi (Ghana), ila ushindani ni mkali. Yeyote anayekudai pesa ili akupe ufadhili, achana naye.

Pengo linalobaki ndilo la basari. Chukua fomu ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneobunge, katika eneobunge la nyumbani, si la chuo, kisha ya kaunti kwenye ofisi ya wadi. Ni mifuko miwili tofauti, jaza zote. Chifu atasaini na kupiga muhuri. Mpelekee nakala za vyeti ili aandike hali halisi badala ya "mhitaji" tu. Nambari ya usajili wa chuo iandike kwa uangalifu, tarakimu kwa tarakimu. Hundi huandikwa kwa jina la chuo, na nambari ikikosewa pesa hukaa bila mwenyewe. Ikishatoka, ipeleke ofisi ya fedha mara moja, kwani baada ya miezi 6 benki huikataa, kisha udai risiti na uangalie salio lako la karo kama limepungua.