B1 au B2? Kuomba leseni ya gari dogo ukiwa Nairobi

Kabla hujalipa hata shilingi moja, amua unataka daraja lipi. B1 ni leseni ya gari dogo la oto peke yake, yaani lile linalobadilisha gia lenyewe. B2 ni ya gari dogo lenye klachi, lile la gia za mkono. Mwenye B2 anaruhusiwa kuendesha oto pia, ila mwenye B1 akishika usukani wa gari la klachi, kisheria hana leseni ya gari hilo. Askari akimsimamisha Thika Road ana kesi, na akigonga mtu, kampuni ya bima imepata sababu ya kukataa kulipa.

Siku hizi wengi wanakimbilia B1, na siwalaumu. Magari mengi yanayoshushwa bandarini Mombasa kutoka Japani ni oto. Tena ukikwama Mombasa Road jioni, mguu wa kukanyaga klachi unakufa ganzi kabla hujafika Nyayo. Kama una gari lako na safari zako ni za ofisini na sokoni, B1 inakutosha. Lakini kijana anayetafuta kazi ya udereva nitamwambia B2 bila kusita. Pikapu nyingi za mizigo bado ni za klachi, na ukitaka kupanda daraja hadi lori au matatu, klachi inakungoja huko huko.

Ukishaamua, tafuta shule ya udereva iliyosajiliwa na NTSA, mamlaka ya serikali ya usafiri na usalama barabarani. Omba kuonyeshwa gari lenyewe utakalofundishiwa, si picha yake ukutani.

Kisha fungua akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa kitambulisho chako na namba yako ya simu, uingie upande wa NTSA, uombe leseni ya muda ya mwanafunzi, ile inayoitwa PDL. Lazima uwe umetimiza miaka 18. Hapa ndipo unapochagua daraja, kwa hiyo jaza mwenyewe. Mimi nilimwachia karani wa shule niliyosomea, tena nikampa na neno la siri. Akaniwekea B1, ilhali wiki zote hizo nilikuwa napigana na klachi. Nilijua asubuhi ya mtihani, jina langu liliposomwa kwenye orodha ya oto. Nilirudi nyumbani, nikalipa upya, nikangoja tarehe nyingine. Lipa, soma daraja lililoandikwa, kisha hifadhi nakala kwenye simu.

Ukiwa na PDL unaweza kuingia barabarani, mradi mwalimu yuko pembeni na gari lina herufi L mbele na nyuma.

Shule ndiyo hukupangia tarehe ya mtihani wa NTSA. Kwanza unaulizwa alama za barabarani na modeli tauni, ule ubao wenye barabara ndogo na vigari vya kuchezea. Usiukariri kama shairi. Jizoeze kueleza kwa nini unampisha anayetoka kulia kwenye mzunguko, maana mtahini hubadilisha swali akiona unaimba. Halafu ni barabarani. Wa oto huangaliwa vioo, indiketa, kuegesha na utulivu. Wa klachi ana hayo yote na mzigo wa ziada: gari lisizimike, na akiondoka mlimani lisirudi nyuma. Mwambie mwalimu akupeleke Valley Road mara kadhaa kabla ya siku hiyo. Hapo inua klachi taratibu mpaka usikie gari linatetemeka, ndipo uachie breki ya mkono.

Ukifaulu, rudi kwenye akaunti ile ile uombe kadi. Mimi nililipa shilingi 3,050 kwa kadi ya miaka 3. Chagua Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, iliyo karibu nawe (mimi nilikwenda ya GPO, pale Posta Kuu), ufike na kitambulisho, upigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Siku ya kuichukua, isome kadi kabla hujaondoka dirishani.

Na ukishika B1 leo kisha mwakani utake klachi, hakuna njia ya mkato: unaomba PDL ya B2, unarudi darasani, unafanya mtihani tena kwa gari la gia za mkono.