Dizeli ya zamani imepoteza nguvu: kagua haya kabla ya kununua turbo

Gari langu ni Toyota Hilux Surf ya 1997, injini 1KZ-TE ya cc 2,982. Kwa miezi miwili lilikuwa likipanda kilima cha Muyenga, hapa Kampala, kama limebebeshwa mawe. Fundi wa kwanza alisikiliza dakika tano akasema turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosti ili kuisukumia injini hewa zaidi, imekufa. Nikanunua turbo iliyotumika, ikafungwa, nikalipa, na gari likabaki vilevile. Ugonjwa ulikuwa hosi ya hewa iliyochanika upande wa chini, mahali jicho halifiki. Injini ikiwa kimya ule mpasuko ulijifumba. Hewa ikianza kusukumwa ulifunguka. Pesa ile iliniuma, na bado naona wenzangu wanaipoteza kwa njia hiyohiyo. Fuateni mpangilio huu, msianze kwa kuishuku turbo.

Kwanza, lipime gari likiwa na mzigo

Turbo haijazi hewa ya maana gari likiwa limesimama. Fundi anayekanyaga mafuta gereji, gia ikiwa huru, hajapima turbo. Tafuta mlima usio na msongamano, weka gia ya tatu, anzia mizunguko 1,500 hivi, kisha kanyaga mafuta mpaka chini. Mwenzako akae nyuma aangalie moshi.

Moshi mweusi mzito maana yake dizeli inaingia lakini hewa haitoshi: anza hatua ya 1. Moshi wa bluu ni oili inayoungua: nenda hatua ya 4. Gari zito lakini halitoi moshi kabisa, basi dizeli ndiyo haifiki, au kompyuta imeipunguza: soma hatua ya 3 na ya 5.

Hatua ya 1: filta ya hewa

Anayetembelea barabara za murramu asingoje kilomita za kwenye kitabu. Itoe, imulike kwa tochi kutoka ndani; mwanga usipopita, badilisha. Kagua pia mpira wa pembeni unaoziba. Vumbi linalopenya hapo hula mapanga ya turbo polepole.

Hatua ya 2: hosi na intakula

Hapa tumia muda wako mwingi. Injini ikiwa baridi, minya kila hosi kati ya turbo, intakula (kipoza hewa inayotoka turbo) na manifodi (bomba linalogawia silinda hewa). Pitisha vidole upande wa chini. Mahali palipolowa oili iliyoshika vumbi, hewa inatorokea hapo.

Usipoona kitu, jaza hewa kwa pampu ya tairi. Chukua kopo linaloingia sawasawa kwenye hosi ya kuingilia turbo, litoboe, fungia hapo valvu ya tairi, kaza kopo kwa klipu. Ziba hosi ya kupumulia injini (inayotoa mvuke wa oili) na ufungue kifuniko cha kumiminia oili ili hewa isisukume sili. Anza na psi 5, usizidi 10. Paka maji ya sabuni kila kiungo. Povu litakuonyesha mahali. Mimi niliisikia kabla sijaona povu, ilikuwa ikilia fyuuu chini ya intakula.

Ukienda Kisekka, soko la vipuri Kampala, kutafuta hosi, beba ile ya zamani mkononi. Ile ngumu ya maji haifai hapa, hata kama kipenyo kinalingana. Joto na msukumo vitaivimbisha na itachomoka.

Hatua ya 3: kahosi kadogo na westigeti

Kwenye 1KZ-TE kuna sensa ya msukumo inayounganishwa na manifodi kwa hosi nyembamba. Ikipasuka au ikiziba masizi, kompyuta inaamini hakuna msukumo na inabana dizeli. Gari linalala bila moshi. Ni kakitu kadogo, na wengi hawakaangalii kamwe.

Kisha westigeti, kile kilango kinachopitisha moshi pembeni ya turbo msukumo ukizidi. Kikiganda wazi kwa kutu, turbo haizunguki ipasavyo. Peleka hewa kidogo kidogo, kwa pampu yenye geji, kwenye ile chupa inayosukuma kijiti chake. Kijiti kitoke taratibu na kirudi chenyewe. Kisiposogea kabisa, kimeshika kutu au kiwambo cha ndani kimepasuka.

Hatua ya 4: turbo yenyewe

Injini iwe imezimwa na kupoa. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, kwa hiyo usiwahi kuingiza kidole injini ikiwaka. Toa hosi ya kuingilia, zungusha shafti kwa vidole. Kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida, kwa sababu shafti huelea ndani ya oili. Kucheza mbele na nyuma mpaka mkono uhisi, hapana. Mapanga yakiwa yamekwangua ukuta au yamelika, hapo ndipo turbo inastahili lawama.

Hatua ya 5: yaliyobaki

Filta ya dizeli, na maji yaliyokaa chini yake: yamwage. Kisha paipu ya ekzosti, hasa kama gari liliwahi kugonga jiwe. Iliyobonyea humnyima turbo pumzi.

Maswali ya wanachama

*Prado yangu ya injini 1KD inalala ghafla nikiwa njia ya Karuma. Nikizima na kuwasha, nguvu inarudi. Hosi ni nzima.*

Ndugu, hiyo si turbo ya aina yangu. Yako ina vijipanga vinavyojigeuza ndani, na masizi huvigandisha. Msukumo ukipita kiasi kompyuta hujilinda kwa kukata nguvu, ukizima, inasahau. Soma kwanza makosa yaliyo kwenye kompyuta kwa mashine ya kupimia. Likiwa ni hilo la msukumo kuzidi, upande wa moshi ufunguliwe usafishwe kabla ya kuzungumzia turbo mpya.

*Fundi amekuta oili ndani ya hosi ya intakula, anasema turbo inavuja. Ni kweli?*

Dada, utando mwembamba ni kawaida. Unatoka kwenye hosi ya kupumulia injini. Oili ikiwa imejikusanya kama ya kumwaga, kagua kwanza paipu inayorudisha oili kutoka turbo. Ikiziba, hata turbo mpya itavuja. Na usiliache hivyo kwa safari ndefu: dizeli inaweza kuanza kuungua oili yake yenyewe na kukataa kuzimika hata ukitoa ufunguo. Ikitokea kwenye gari la manyuo (la gia za mkono), kanyaga breki, weka gia ya juu kabisa, achia klachi injini izimike.

*Naishi Kabale. Kampala gari lilikuwa jepesi, huku ni zito. Nibadilishe nini?*

Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, Kabale karibu 2,000. Hewa ya huko ni nyepesi, na gari lako litalala kidogo hata likiwa zima. Likitoa moshi mweusi kila mlima, hapo si mwinuko peke yake. Anza na filta.

*Naweza kukaza kile kijiti cha westigeti ili nipate msukumo zaidi?*

Mzee wangu, usifanye. Silinda hedi za 1KZ zinajulikana kwa kupasuka zikipata joto kupita kiasi. Na ukikaza kijiti wakati hewa inavuja kwingine, umeficha ugonjwa huku turbo ikilazimishwa kukimbia zaidi. Fanya kipimo cha sabuni Jumamosi, kisha uniambie povu limetokea wapi.

*Nimekifanya. Povu limetoka kwenye kiungo cha manifodi, klipu imelegea.*

Ibadilishe klipu, usiikaze tu. Ukitoka mlimani niambie moshi ulikuwa wa rangi gani.