Nyaya za roboti ukiwa Mbeya: anza na kompyuta iliyokufa

Roboti ikitembea kidogo halafu ikaganda, usikimbilie programu. Tikisa nyaya kwanza. Hapa kibandani kwangu Mwanjelwa, ninapotengeneza redio na siku hizi vidude vya vijana wa chuo, ugonjwa mara nyingi huwa pale waya unapoingia kwenye konekta. Zile nyaya za rangi zinazouzwa kwa mafungu ni za kujaribia mezani tu. Roboti inayotembea inataka waya uliokatwa kwa kipimo chake, na huo utautengeneza mwenyewe.

Kabla hujaagiza kitu Kariakoo, pita kwa mafundi kompyuta na wanunuzi wa chuma chakavu. Ndani ya kasha la kompyuta ya mezani kuna nyaya nyembamba zinazotoka kwenye kitufe cha kuwashia na vitaa vya mbele. Ncha zake zina vikonekta vyeusi ambavyo nafasi ya pini hadi pini ni milimita 2.54, sawa na pini za Arduino (ubao mdogo unaoiendesha roboti) na plagi za servo (mota ndogo inayogeuka hadi pembe unayoitaka). Usizikate. Kila tundu lina kilimi cha plastiki; kiinue kwa ncha ya sindano, vuta waya taratibu, na kichuma chake kitatoka kizima. Ule ukanda mpana wa diski za zamani nao uchukue, ukichagua wenye nyaya 40. Unachanika vizuri, unapata nne au sita zilizoshikana. Wa nyaya 80 una nyaya nyembamba mno, waachie wenye chuma chakavu.

Ukilazimika kuagiza, agiza kwa kipimo. Ukimwambia muuzaji "nataka JST" atakufungia chochote cheupe, na JST ni kampuni ya Japani yenye aina nyingi sana za konekta. Weka rula, pima toka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya mwisho, kisha gawa kwa idadi ya pini ukiondoa moja. Konekta ya pini nne ikikupa milimita 6, hiyo ni ya 2.0, yaani jamii ya PH. Ikikupa saba na nusu hivi, ni XH ya 2.5 au ile ya kawaida ya 2.54, na hapo rula haikusaidii tena. Kwa pini tatu zinaingiliana bila wewe kujua. Kwa pini kumi tofauti imeshafika milimita 0.36 na konekta inagoma au inapinda pini. Piga picha konekta ikiwa pembeni ya rula, mtumie muuzaji kwa WhatsApp, mzigo upande basi. Na chagua jamii moja tu ubaki nayo. Mimi ni 2.54 kwa kila kitu chenye signali, maana ndiyo ninayoweza kuiokota mtaani hata siku ambayo mzigo umekwama njiani.

Waya wenyewe una siasa zake. Mafundi wa kamera huacha vipande vya waya wa mtandao, na ni vizuri kwa sehemu isiyosogea. Lakini kwaruza kwanza kwa wembe: ndani ukiona rangi ya fedha badala ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, inakatika upesi na risasi ya kuchomelea haiishiki vizuri. Hata ule wa shaba halisi huwa ni uzi mmoja mgumu, kwa hiyo usiupitishe kwenye goti la roboti. Hapo weka waya wa nyuzi nyingi nyembamba, ikiwezekana wenye ganda la silikoni. Baridi yetu ya Juni na Julai hulikakamaza ganda la kawaida, la silikoni halijali.

Kama unapeleka I2C (mawasiliano ya ubao na sensa kwa nyaya mbili za signali) kwa waya wa mtandao, usizisokote hizo mbili pamoja, zitasumbuana. Kila moja isokotwe na hasi yake, na zisiwe ndefu.

Sasa kubana pini, kazi ambayo wengi hulipua. Kichuma kina jozi mbili za mabawa: ya mbele inashika shaba, ya nyuma inashika ganda. Menya milimita mbili hadi tatu tu. Mabawa ya mbele yakiuma ganda, umeme haupiti. Ya nyuma yakishika shaba, waya utakatika hapohapo. Koleo la kubania aina ya SN-28B linamaliza kwa mkandamizo mmoja. Huna? Tumia koleo la mdomo mwembamba, kunja bawa moja moja, kwa subira. Usijaze risasi. Inapanda ndani ya nyuzi, inazifanya ngumu, kisha zinakatika pale ugumu unapoishia. Ukisukuma kichuma kwenye kasha la plastiki la konekta, utasikia kimelia tiki. Kisipolia, kigeuze.

Kwa servo, kahawia au nyeusi ni hasi, nyekundu ni chanya na hukaa katikati, ya machungwa, njano au nyeupe ni signali. Ukichomeka kinyume, chanya bado inabaki katikati, hivyo servo itakaa kimya na mara nyingi haiungui. Sensa hazina huruma hiyo, kwa hiyo pini ya kwanza iwekee nukta ya rangi ya kucha pande zote mbili.

Pima kwa multimita iliyo kwenye mlio, na wakati inalia, upinde waya karibu na konekta na kuuvuta kidogo. Mlio ukikatika hata mara moja, kata ncha hiyo uanze upya. Urefu upime mguu wa roboti ukiwa umenyooka hadi mwisho, ongeza kitanzi kidogo, kisha funga waya kwenye fremu kwa kamba ya plastiki sentimita mbili kabla ya konekta, ili mvuto uishie kwenye fremu usifike kwenye pini.