Chimba Shimo Kabla ya Kuchagua Zao

Udongo mweusi huvutia macho, lakini hauonyeshi kilichoko sentimita 40 chini, na huko ndiko mazao mengi hukwamia. Kabla ya kununua mbegu, chimba shimo la kina cha mita moja. Epuka vichuguu na mahali palipokuwa na lundo la samadi. Sehemu zinazotofautiana kwa rangi au mwinuko zichimbiwe kila moja shimo lake.

Kwangua ukuta mmoja wa shimo, kisha chomachoma kwa ncha ya kisu kutoka juu kwenda chini. Kikigoma ghafla kati ya sentimita 15 na 30, huenda umefikia tabaka lililoshindiliwa kwa kulima kina kilekile kila msimu. Mizizi hapo hupinda na kutambaa kando. Tabaka hilo huvunjwa kwa ripa, yaani jembe la jino refu la kupasua udongo wa chini, udongo ukiwa mkavu. Ukiwa umelowa, ripa huacha mfereji tu. Kama ni mwamba, usipande miti ya matunda.

Madoa ya kijivu yaliyochanganyika na ya rangi ya kutu yanaonyesha kwamba maji hutuama hapo sehemu ya mwaka, hata kama leo pamekauka. Mpunga utafurahia. Mparachichi utaoza mizizi. Ili kuhakikisha, chimba kishimo cha sentimita 30, kijaze maji, yaache yanywee, kijaze tena na upime: maji yakishuka pungufu ya sentimita 2.5 kwa saa, udongo unapitisha maji polepole mno kwa mazao mengi.

Tunasisitiza kuanza na kina na maji kwa sababu ni vigumu kuvibadilisha, ilhali rutuba na uchachu vinarekebishika. Ili kupima rutuba na uchachu, chota udongo wa sentimita 0 hadi 20 kwa zigizaga, sehemu 15 hadi 20, changanya kwenye ndoo safi na upeleke nusu kilo maabara. Ndoo iliyobebea mbolea huharibu majibu.

Mahindi hustawi kwenye pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu umezidi) ya 5.5 hadi 7, chai 4.5 hadi 5.5. Pale pH inaposhuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kudumaza ncha za mizizi, na fosforasi ya mbolea hunaswa na udongo. Chokaa husaidia, ila huchukua muda: ichanganywe na udongo miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda, kwa kiasi kilichopendekezwa na maabara.